Zuzu Ni Nani?

Lugha yetu inalo neno zuzu, na maana yake ni mtu aliyepigwa na butwaa, mwenye kutazama jambo asilifahamu. Magharibi ya mji wa Dodoma pana mahali paitwapo Zuzu. Jina hilo ni la mahali, wala silitaji kwa dharau. Nalitaja kwa kuwa wako wasomi wapitao hapo, wakaona nchi kavu na kichaka cha miiba, wakasema kwamba hapana kitu cha kutazama. Wasomi hao hao hutaja kwa ufasaha mapango, migodi na miji ya chini ya ardhi iliyo katika nchi za mbali, na hutamani kuizuru yote kabla ya kufa. Nauliza basi: kati ya mkaaji wa Ugogo, ambaye wakati wa kiangazi huchimba mchanga wa mto mkavu akapata maji, na msafiri aliyeshuka katika mashimo ya dunia nzima asijue lililo chini ya nyayo zake, zuzu ni nani?

Sina ugomvi na safari. Ugomvi wangu ni na jicho linalosafiri. Tazama Derinkuyu, mji wa chini ya ardhi katika Uturuki. Umechimbwa kwenda chini kiasi cha meta 85, nao una vyumba, mabanda ya mifugo, visima na milango ya mawe ya kuviringisha. Mgeni hustaajabia kina chake, akapanda juu. Lakini mji ule haukuchimbwa ili ustaajabiwe. Watu walijificha humo nyakati za vita vya Waarabu na Wabizanti, wakakaa gizani pamoja na watoto na wanyama wao kwa kuwa juu hapakukalika. Tazama pia Lalibela katika Uhabeshi, ambako makanisa 11 yalichongwa ndani ya mwamba. Hayo si masalio: watu wangali wakisali humo. Mwenye kuona shimo tu mahali kama hapo ameona sehemu iliyo ndogo kuliko zote.

Sasa na turudi nyumbani. Katika milima ya Mbulu, kaskazini ya uwanda wetu huu wa kati, Wairaqw walijenga nyumba zilizozamishwa ardhini. Walichimba ubavu wa mlima, wakatandika miti, wakafunika kwa udongo hata paa likawa sawa na nchi, na ng'ombe wakalala ndani pamoja na wenyewe. Shabaha yao ilikuwa kuwaficha watu na mifugo wasionekane na wavamizi. Sababu hii ni ileile ya Derinkuyu: hofu, akili na mapenzi ya uhai. Lakini ni wanafunzi wangapi wa vyuo vyetu waliopata kuinama na kuingia katika nyumba hiyo? Ya Uturuki ina tiketi na picha. Ya Mbulu ina kimya. Wahenga walituonya tusiache mbacha wetu kwa msala upitao, nasi tumeuacha.

Hata pale tunapokuwa na mapango yenye sifa, twayaharibu kwa hadithi. Mapango ya Amboni, karibu na Tanga, yamo katika mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji kwa muda usiokadirika kwa umri wa binadamu. Hilo peke yake latosha kumnyamazisha mtu. Walakini mgeni huambiwa kwamba njia yake ya chini hufika Mombasa, na wengine humpeleka hata Kilimanjaro. Upimaji uliofanywa mwaka 1994 ulionyesha kwamba pango lililo refu kuliko yote hapo lina meta 900 hivi. Nasema meta 900 za kweli zina heshima kuliko maili mia za uongo.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema kwamba hadithi hazidhuru; huvuta wageni, na wageni huleta fedha. Namjibu kwa Mangapwani, Unguja. Pale pana chumba kilichochongwa katika mwamba wa matumbawe, nacho hukumbukwa kuwa maficho ya watumwa baada ya soko la watumwa kufungwa mwaka 1873. Tukimzoeza mgeni kusikia maneno matamu kila ashukapo chini ya ardhi, akifika mahali pa machozi atayasikiliza kwa sikio lile lile la starehe. Uongo wa Amboni humnyima heshima aliyefungwa Mangapwani.

Wa pili atasema kwamba kustaajabu ni mwanzo wa elimu, basi watu na waachwe wastaajabu. Nakubali kwamba ni mwanzo. Nalaumu wanaokomea mwanzoni. Pango la Lascaux katika Ufaransa liligunduliwa mwaka 1940, likafunguliwa kwa watu mwaka 1948, likafungwa mwaka 1963, maana pumzi za watazamaji zilikuwa zikiharibu michoro iliyodumu kwa maelfu ya miaka. Mapenzi yasiyo na maarifa yaliua kilichopendwa. Ulinganishe na Panga ya Saidi, katika pwani ya Kenya. Watafiti walichimba kwa subira, na mwaka 2021 wakatangaza kaburi la mtoto wa miaka mitatu hivi, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Kichwa chake chaonekana kililazwa juu ya kitu mfano wa mto. Aliyechimba polepole alikuta huzuni ya wazazi.

Nami narudi Ugogo, ambako nilianzia. Masimulizi yasema jina la Dodoma latokana na neno la Kigogo, idodomya, yaani imezama, kwa ajili ya tembo aliyekwenda kunywa maji akadidimia matopeni. Mji mkuu wetu, basi, umepewa jina la jambo lililoshuka chini ya ardhi. Na kwa miaka mingi umeishi kwa kilicho chini ya ardhi: maji ya visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, kaskazini ya mji. Utafiti uliotangazwa mwaka 2013, uliotumia vipimo vya miaka 55 vya bonde hilo, ulionyesha kwamba maji yale hayajazwi na mvua ya kila mwaka. Hushuka mwaka baada ya mwaka, kisha mvua kubwa isiyo ya kawaida huja na kuyainua. Ghala hilo hujazwa kwa nadra na huchotwa kila siku.

Hapa ndipo mabishano yangu yanapoacha kuwa ya utalii. Wakazi wa jiji hili walikuwa zaidi ya 410,000 mwaka 2012. Mwaka 2022 walizidi 760,000. Kila mmoja hunywa. Ugogo yakumbuka njaa ya Mtunya ya miaka ya 1917 hadi 1920, wala haihitaji kufundishwa bei ya ukame. Jiji lisiloijua ghala yake litajenga juu ya mahali maji yanapopenyea, litamwaga taka juu yake, na kisima kikikauka litalaumu mbingu.

Kwa hiyo nadai kwamba kila mwanafunzi wa uwanda huu, kabla ya kuota mapango ya ng'ambo, apelekwe kwenye visima vya Makutupora aone jinsi kina cha maji kinavyopimwa. Apelekwe Mbulu aingie katika nyumba iliyozikwa kabla paa lake halijaporomoka. Naye ayaandike aliyoyaona, kwa vipimo vya kweli na kwa lugha yake. Kisha aende Derinkuyu akitaka, maana atakuwa na jicho la kuiona. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Na ngama ni sehemu ya chini ya chombo, mahali maji yanapokusanyika. Asiyeijua ngama ya chombo chake, huyo ndiye zuzu, hata akiwa ameizunguka dunia.