Mitambo ya Vivuko Ipimwe Kabla ya Kuvunjika

Kivuko kinapoharibika pale Ilagala, mwambao wa kusini mwa Kigoma hukatika vipande viwili. Mawese na mihogo hulala ng'ambo ya Kajeje yakingoja. Mwenye gari hugeuza. Na mgonjwa anayepelekwa Hospitali ya Maweni huvushwa kwa mtumbwi katika mto Malagarasi, mto wenye mamba na viboko. Wasomaji wetu wa Ukerewe, Ukara, Mafia na visiwa vingine hawahitaji kuelezwa hali hiyo. Kwao chombo kikisimama, shule, soko na hospitali vimesimama pia.

Jambo tunalotaka viongozi wetu walitafakari leo ni namna vyombo hivi vinavyosimama. Mara nyingi havifi ghafla. Giaboksi huanza kutetemeka isivyo kawaida siku nyingi kabla jino la gia halijakatika au beringi haijasagika. Abiria huusikia mtetemo huo miguuni. Nahodha huusikia. Fundi huusikia zaidi, naye huweka ncha ya bisibisi juu ya giaboksi na mpini wake sikioni, akasikiliza. Hatuidharau hekima hiyo hata kidogo. Imeokoa mitambo mingi. Lakini sikio lina mpaka wake. Linajua kwamba kuna ugonjwa, ila si rahisi liseme ugonjwa uko katika kiungo kipi, wala haliwezi kuandika daftarini mtetemo wa mwezi huu ili ulinganishwe na wa mwaka ujao.

Ipo njia ya kufanya hayo, nayo ni kuuchambua mtetemo kwa masafa yake. Tuchukue mfano mwepesi. Injini inazunguka mara 1,800 kwa dakika, yaani mara 30 kwa sekunde. Ndani ya giaboksi, gia ndogo yenye meno 20 inaisukuma gia kubwa yenye meno 60. Kwa hiyo shafti ya propela inazunguka mara 10 kwa sekunde. Katika kila sekunde meno hukutana mara 600, yaani 20 mara 30. Hivyo kila kiungo kina hesabu yake ya mapigo, kama vile mpenzi wa taarabu anavyoweza kuitambua fidla na udi ingawa vyote vinapigwa kwa pamoja.

Kipimo kidogo hubandikwa juu ya nyumba ya beringi, kikanasa mtetemo wote ulivyochanganyika. Kompyuta huutenganisha na kuchora chati yenye vilele. Kilele kikiinuka kwenye 30, huenda shafti ya injini imepoteza ulinganifu wa uzito. Kikiinuka kwenye 60, mara nyingi injini na giaboksi hazikufungwa katika mstari mmoja. Kilele cha 600 chenyewe si ugonjwa, kwani meno yakikutana hayana budi kuvuma. Lakini kikizungukwa na vilele vidogo kwenye 570 na 630, jino bovu limo katika gia ndogo, kwa sababu tofauti hiyo ya 30 ndiyo mzunguko wake. Vilele hivyo vikiwa kwenye 590 na 610, lawama ni ya gia kubwa. Beringi nazo hupiga kwa hesabu zisizogawanyika sawasawa na mzunguko wa shafti, na hapo ndipo zinapojitenga na gia.

Kwa mto kama Malagarasi kuna faida nyingine. Wakati wa mvua maji huleta magogo na mchanga. Propela ikigonga gogo, panga moja likapinda, chombo kizima hutetemeka, na mtu wa kwanza kulaumiwa ni giaboksi. Bila kipimo, fundi anaweza kuifungua yote, akangoja vipuri kutoka mbali, akaifunga tena, na mtetemo ukabaki palepale. Chati ingemwonyesha kilele kwenye 10, mzunguko wa shafti ya propela, au kwenye 40 ikiwa propela ina mapanga manne, naye angelitazama chini ya maji kwanza. Siku ambazo wananchi wangevuka kwa mitumbwi zingeokolewa hapo.

Hesabu yenyewe si ngeni. Mfaransa Joseph Fourier aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1822, na mwaka 1965 Wamarekani James Cooley na John Tukey wakachapisha njia ya kuikokotoa upesi kwa kompyuta. Viwanda na meli za nchi nyingi huitumia kila siku. Vifaa vyake leo hubebeka mkononi, na bei yake haikaribii hasara ya kivuko kilichosimama msimu mzima.

Hatusemi kwamba kifaa hiki ni hirizi. Msiba wa MV Nyerere karibu na Ukara, 20 Septemba 2018, ulioua watu zaidi ya 200, haukuletwa na giaboksi; chombo kilijazwa kupita kiasi chake, na hakuna chati inayomzuia mtu kujaza abiria. Tena kipimo kilichochukuliwa injini ikienda taratibu hakilinganishwi na kilichochukuliwa chombo kikiwa na mzigo. Oili nayo ichunguzwe kwa chembe za chuma. Zaidi ya yote, chati ya siku ya ubovu haina maana kubwa kama hakuna chati ya siku ya uzima. Hapo ndipo tunapoogopa. Vifaa tunaweza kuvinunua kwa shangwe na kuvikabidhi mbele ya wapiga picha, kisha vikafungiwa kabatini kwa kuwa hakuna aliyepewa daftari.

Watu wa mwambao huu wanaujua mfano wa utunzaji. Karibu na mdomo wa Malagarasi ndipo Wajerumani walipoizamisha Graf von Götzen, Julai 1916, baada ya mafundi wake kuipaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, kwa mitambo ileile ya mvuke, iliyoendelea hadi miaka ya 1970.

Twauomba Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, uanze na Ilagala. Giaboksi ya kivuko ipimwe ingali nzima, kwa mwendo na mzigo unaojulikana, na chati ihifadhiwe palepale kivukoni, nakala yake ikipelekwa mkoani. Idadi ya meno ya kila gia na namba za beringi ziandikwe ubaoni katika chumba cha injini. Vijana wawili wa VETA Kigoma wafundishwe kusoma chati hizo, nao wapime kila mwezi. Kipimo cha kwanza kichukuliwe kabla ya mvua za Novemba.