Kabla ya kozi ya kuongoza ndege, funga hizo PDF

Kijana akipata barua ya kuitwa kusomea uongozaji wa ndege, jioni hiyo hiyo anaanza kutafuta PDF. Nimeliona jambo hili mara kadhaa sasa na limeanza kunikera. Anapakua Doc 4444 ya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Anapakua Annex 2 ya kanuni za hewani na Annex 11 ya huduma za kuongoza ndege. Anaomba madaftari ya mtu aliyemaliza, yamepigwa picha kwa simu, nusu ya kurasa ziko upande. Anazipanga zote kwenye folda safi, kisha anaanza ukurasa wa kwanza kama mtu anayesoma riwaya. Wiki ya tatu amekwama, na siku ya kufungua chuo anaingia darasani na maneno mengi asiyoyaelewa na usingizi aliouhitaji hakuupata.

Maoni yangu, na najua wapo watakaonirukia, ni kwamba huo ni muda uliopotea. Kanuni utafundishwa. Chuo kama kile cha usafiri wa anga pale Embakasi kipo kwa ajili hiyo, na kina walimu waliozitumia kanuni hizo kazini. Kitu ambacho hakuna mwalimu mwenye nafasi ya kukupa ni wepesi: wepesi wa sikio, wa ulimi na wa hesabu za kichwani. Huo haupatikani kwa kusoma. Unapatikana kwa kurudia jambo dogo kila siku kwa wiki nyingi, na wiki hizo unazo sasa, kabla kozi haijaanza. Ikishaanza hutazipata tena.

Nieleze mimi naingilia wapi. Kazi yangu ni kuandika programu. Sijawahi kukaa mnarani wala mbele ya rada. Lakini binamu yangu alipokuwa akijiandaa aliniomba nimtengenezee kitu cha kumfanyisha mazoezi kwenye tarakilishi, na huwezi kuandika programu ya jambo usilolielewa. Ikabidi nisome. Katika kusoma huko nikakutana na kisa cha hapa hapa kwetu ambacho watu wengi hawakijui.

Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikikaribia Nairobi. Ikapewa ruhusa ya kushuka hadi futi 7,500. Kwenye redio tarakimu hutamkwa moja moja: saba, tano, sufuri, sufuri. Ndani ya ndege ikasikika tano, sufuri, sufuri, sufuri. Marubani wakaweka 5,000 kwenye mitambo yao na kuendelea kushuka. Sasa ndugu msomaji, uwanja wa Nairobi uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Yaani ndege nzima ilikuwa ikishuka kwenda mahali palipo ndani ya udongo. Walikuja kuiona ardhi ikiwa karibu mno, wakaipandisha ndege, na watu wote wakanusurika.

Kanuni inayohusika hapa ni fupi kuliko aya hii. Rubani hurudia maagizo aliyopewa, na mwongozaji husikiliza marudio hayo kuhakikisha ni yale yale. Mtu anaweza kuikariri kwa dakika mbili na kuiandika vizuri kwenye mtihani. Lakini ubongo una tabia ya kusikia ulichotarajia kusikia, hasa ukiwa na ndege nyingine nne zinazokungoja. Kinga yake ni sikio ambalo likisikia "futi 5,000" na "Nairobi" katika sentensi moja, linashtuka lenyewe kabla hujafikiri. Sisi wa programu tunalijua hili. Fomu ikipokea umri wa miaka 412, programu nzuri haisubiri mtu aje kuangalia, inaukataa pale pale. Mwongozaji anahitaji ukaguzi wa namna hiyo ndani ya kichwa chake, na haujengwi kwa kusoma Doc 4444.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ambayo ningempa mtu ni ramani. Chukua karatasi tupu, chora Kenya bila kuangilizia, weka viwanja vyake na vimo vyake. Mombasa ni kama futi 200. Kisumu karibu 3,700. Eldoret karibu 7,000. Milima ya Ngong karibu 8,000, na Mlima Kenya zaidi ya 17,000. Kisha andika herufi nne za kila uwanja: HKJK ni Jomo Kenyatta, HKNW ni Wilson, HKMO ni Mombasa, HKKI ni Kisumu, HKEL ni Eldoret. Utaona mpangilio wake mara moja. HK ni Kenya, HT ni Tanzania, HU ni Uganda, HA ni Ethiopia, HC ni Somalia. (Aliyezoea kupanga data ataufurahia mfumo huu, ni nadhifu kuliko hifadhidata nyingi nilizokutana nazo.) Chora tena kesho. Chora mpaka ikuchoshe.

Kazi ya pili ni hesabu, na hapa ndipo naona watu wanajidanganya zaidi. "Hesabu nilipata A." Sawa, lakini A ile uliipata ukiwa na karatasi, kikokotoo na saa mbili na nusu. Hapa unataka jibu huku ukiongea. Ndege inayokwenda maili 420 za baharini kwa saa inakula maili 7 kwa dakika; gawa kwa 60, basi. Ndege mbili zinazokabiliana, kila moja kwa 480, zinakaribiana kwa maili 16 kila dakika. Zikiwa zimeachana maili 80 una dakika tano zikutane, na dakika hizo tano si zako zote, kwa sababu unatakiwa kuwa umeshazitenganisha muda mrefu kabla ya hapo. Ndege iliyo futi 37,000 inayotakiwa kufika 7,000 ina futi elfu 30 za kupoteza. Zidisha 30 kwa tatu, inahitaji takriban maili 90 za kushuka taratibu. Mwelekeo wa kinyume: ongeza 200 utoe 20. Kwa hiyo 060 inakuwa 240, ambazo ndizo pande mbili za barabara ya kurukia ya Jomo Kenyatta, 06 na 24.

Halafu kuna vimo vya njiani. Anayeelekea upande wa mashariki hupewa vimo vya witiri, anayeelekea magharibi vya shufwa. Nairobi kwenda Mombasa ni witiri, Nairobi kwenda Kisumu ni shufwa. Jambo jepesi, lakini lifanye mara mia mbili ukiwa kwenye matatu, mpaka mtu akikutajia miji miwili jibu litoke bila ruhusa yako.

Na saa! Hili ni letu sisi wasemaji wa Kiswahili na sijaona kitabu kinacholitaja. Anga yote hutumia saa moja ya dunia, UTC. Saa ya ukutani Nairobi iko mbele kwa masaa matatu. Saa ya mdomoni mwetu iko nyuma ya ile ya ukutani kwa masaa sita. Mama akikwambia saa tatu asubuhi, ukutani ni 9:00, na kwenye karatasi ya safari ya ndege ni 0600. Ukipiga hesabu utagundua Kiswahili chetu kiko masaa matatu nyuma ya UTC, sawa na saa ya Buenos Aires. Ni kichekesho kizuri hadi siku utakapoandika muda wa ndege kufika ukiwa umechoka. Weka saa ya mkononi kwenye UTC sasa hivi, miezi miwili kabla, uishi nayo.

Sasa nirudi kwenye sikio, maana ndiko programu yangu iliko. Ni Python, mistari isiyofika mia mbili. Inabuni jina la redio la ndege, kimo, mwelekeo na masafa, kisha inayasoma kwa sauti kwa kutumia espeak, programu ya bure ya kusoma maandishi, huku nyuma kukiwa na mvumo wa redio mbovu. Wewe unayarudia kwa sauti na kuyaandika. Hiyo ni sehemu rahisi. Sehemu yenye faida ni ile ya pili, ambapo mambo yanageuzwa: maagizo yanaandikwa kwenye skrini kama vile umeyatoa wewe, na "rubani" wa tarakilishi anayarudia. Mara nyingi anayarudia sawasawa. Mara moja kati ya nane hivi anabadilisha tarakimu moja, au anachukua mwelekeo wa 210 na kuufanya kimo cha 210. Kazi yako ni kumkamata. Mwanzoni niliweka kosa katika kila zamu mbili, na binamu yangu akawa anakamata yote. Nilipolifanya kuwa adimu, yakaanza kumpita. Hapo ndipo nilipoelewa ugumu wa kazi hii ulipo: rubani anakuwa sahihi mara nyingi mno hadi sikio linaacha kumsikiliza.

Jambo jingine niliongeza baadaye ni majina yanayofanana. Ndege zilizosajiliwa Kenya zote huanza na 5Y. Ukiwa Wilson, penye vindege vidogo vingi, kila mtu ni "Five Yankee" fulani, na tofauti iko kwenye herufi za mwisho tu. Tarakimu nazo zina matamshi yake: 3 ni "tri", 5 ni "faifu", 9 ni "naina", maana 5 na 9 za kawaida hufanana redioni. Yatamke kwa sauti kila siku, soma namba za magari barabarani. Utaonekana una kichaa kidogo. Haidhuru.

Kuhusu Kiingereza, watu huogopa kisichofaa. Tangu 2008 ICAO inapima lugha ya marubani na waongozaji kwa ngazi sita, na ya nne ndiyo ya chini inayokubalika kwa safari za kimataifa. Hakuna anayekutaka uongee kama mtangazaji wa London. Unatakiwa ueleweke na Mturuki, Muethiopia na Mchina kwa mpigo mmoja. Punguza kasi, usimeze miisho ya maneno, na uzoee kwamba neno rasmi halina mbadala. Tenerife, tarehe 27 Machi 1977, Boeing 747 mbili ziligongana kwenye barabara ya kurukia na watu 583 wakafa, na miongoni mwa sababu ilikuwa mazungumzo ya redio yaliyoweza kueleweka kwa namna mbili. Ndiyo maana leo neno "take-off" hutumika tu wakati wa kutoa ruhusa ya kuruka au kuifuta. Mahali pengine pote husemwa "departure". Mtu aliyezoea kupamba maneno, kama sisi tulivyolelewa kuandika insha, atapata shida hapa kuliko mtu wa maneno machache.

Najua mnangoja nifike kwenye michezo ya tarakilishi. VATSIM, mtandao wa kuongoza ndege za kuigiza, upo tangu 2001, na ni kazi nzuri sana ya watu wa kujitolea. Uutumie, lakini kwa kufungua mdomo tu. Mtu anayeogopa kubonyeza kitufe cha redio ataacha kuogopa. Taratibu ulizojifunza huko, hata hivyo, uziache mlangoni siku ya kwanza ya chuo. Vivyo hivyo rekodi za Kennedy ya New York ambazo kila mtu anazisikiliza. Zinasisimua, lakini Mmarekani husema "point" pale ambapo ICAO husema "decimal", na hutoa kanieneo ya hewa kwa inchi wakati sisi tunatumia hektopaskali. Ukijaza sikio lako mambo hayo kwa miezi sita, mwalimu wako atakuwa na kazi mbili, kung'oa na kupanda, na muda wa kozi umepimwa kwa kupanda peke yake.

Kuna atakayeniambia: si bora asome mapema kuliko kukaa bure? Bora, kama kweli chaguo ni hayo mawili. Lakini tazama wanaochuja watu kwa kazi hii wanatafuta nini. Jaribio la FEAST la Eurocontrol, linalotumika katika nchi nyingi za Ulaya, halikuulizi kanuni za anga. Linapima umakini, kumbukumbu, hesabu, kuona umbo la vitu angani na kufanya mambo mawili kwa pamoja. Wao wameshaamua kipi kinafundishika darasani na kipi mtu anakuja nacho. Mtihani wa karatasi unaweza kukesha nao ukaupita. Simuleta haikungoji. Zoezi likianza ndege zinakuja kwa kasi yake, na ukitumia sekunde nne kukumbuka kinyume cha 060, ndege imesogea, ya pili imekuita, na hujaijibu ya kwanza.

Jambo moja dogo kabla hujaacha kazi uliyonayo: kapimwe. Leseni ya mwongozaji ndege inahitaji cheti cha afya cha daraja la tatu, na macho, masikio na uwezo wa kutofautisha rangi vyote vinaangaliwa. Kapimwe kwa daktari anayetambuliwa na mamlaka ya usafiri wa anga, KCAA, si kwenye hema la miwani sokoni.

Anayeitaka programu aniandikie nimtumie. Inahitaji Python 3 na espeak. Kwenye Linux inakwenda bila shida. Kwenye Windows ule mvumo wa redio hukatika katika, bado sijaushughulikia. Leseni ni GPL, ibadilisheni mtakavyo, na kama kuna mwongozaji wa kweli anayesoma hapa, naomba aniambie ile moja kati ya nane niipandishe au niishushe.