Kahawa Imetuponza

Mwulize mwandishi wa programu aliyepita darasani faida ya dekoreta, ile objekti inayoizunguka nyingine na kuiongezea kazi huku kiolesura kikibaki kilekile. Atakujibu bila kupepesa macho: kila tabaka linajitegemea, panga upendavyo. Si kweli, na uzushi huu nahisi umetoka kwenye kahawa.

Kitabu cha Head First Design Patterns cha mwaka 2004 kilifundisha dekoreta kwa duka la kahawa: chukua kikombe, kizungushie maziwa, kisha chokoleti, kila tabaka liongeze bei yake. Mfano mtamu, na wakufunzi hawachoki kuurudia. Ila bei hujumlishwa, na kujumlisha hakujali nani katangulia. Yatangulie maziwa, itangulie chokoleti, bili ni ileile. Mwanafunzi anadhani ameiona tabia ya dekoreta, kumbe ameiona tabia ya kujumlisha.

Njoo kwenye Java. Unaandika faili la kubanwa na kusimbwa kwa siri. GZIPOutputStream hubana, CipherOutputStream husimba. Ya kubana ikikaa nje, data hubanwa kwanza ndipo isimbwe, na faili hutoka dogo. Geuza. Sasa inasimbwa kwanza, na data iliyosimbwa vizuri haina marudio ya kubana. Faili halipungui, pengine linanenepa kidogo. Kompaila inapitisha yote mawili. Itakataaje, ikiwa kwake zote ni OutputStream tu?

Hapo umepoteza nafasi ya diski, basi. Balaa ni pale tabaka moja linapokagua ruhusa na jingine linahifadhi majibu kwenye kashe. Weka kashe nje ya ukaguzi. Mhasibu anafungua orodha ya mishahara, jibu linahifadhiwa. Anakuja karani asiye na ruhusa, kashe inamkabidhi orodha ileile, mkaguzi hata hajaulizwa. Na kila klasi ilifaulu majaribio yake, maana kila moja ilijaribiwa peke yake!

Wapo watakaonikumbusha kwamba Gamma na wenzake watatu, katika kitabu chao cha Design Patterns cha mwaka 1994, waliipendekeza dekoreta ili tuepuke utitiri wa klasi za urithi. Sibishani nao, utitiri ule ni mbaya zaidi. Lakini kuushinda urithi hakuyafanyi matabaka yajitegemee. Mpangilio ni sehemu ya programu. Uandikwe mahali pamoja, si kutawanywa kwenye mafaili kumi, na ujaribiwe ukiwa mzima: mhasibu aombe mishahara, karani aombe baada yake, na karani akipewa, jaribio lifeli.