Ukikuta Injini Imeshapashwa Moto

Ndugu yangu uliyeko Uingereza, unatafuta Yamaha RD350LC iliyotumika, zile za tangu 1980. Injini yake ni tustroki, inachoma oili pamoja na petroli, kwa hiyo moshi kidogo usikutishe. Lakini ukifika ukakuta imeshapashwa moto, rudi siku nyingine uijaribu ikiwa baridi. Moshi mzito mweupe usiokwisha, na oili ya gia inapungua? Sili ya krenki imekufa.

Nawe muuzaji, "nauza kama ilivyo" haikuondolei dhambi ya kuficha kasoro unayoijua. Sili ikivuta hewa, pistoni inaweza kung'ang'ania, tairi la nyuma likajifunga ghafla, na mtoto wa watu yuko kasi barabarani. Fedha hiyo utamlisha nani nyumbani kwako?