Kinywaji cha Mkimbiaji

Mwaka 1965, Dakta Robert Cade wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, aliwachanganyia wachezaji maji, sukari na chumvi. Hakikunyweka, hata mkewe aliposhauri kitiwe limau. Ndicho Gatorade ya madukani. Mama wa nyumbani aweza kukitengeneza: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari vijiko 4 vya mezani, chumvi robo kijiko cha chai, na ndimu.

Askari akimbiaye zaidi ya saa moja ndiye akihitajiye. Wa gwaride fupi maji yamtosha. Wala asinywe kupita kiu yake. Katika mbio za marathoni za Boston, mwaka 2002, mwanamke mmoja alikunywa mno. Chumvi ya damu ikapungua, ubongo ukavimba, akafariki.