MLANGO WA ELIMU: Kitu, Mali na Dirhamu

Mzazi afunguaye daftari la hisabu la mwanawe aliye sekondari huona herufi zimechanganyika na tarakimu, akalifunga upesi akasema, "Mambo haya si yetu." Mtoto naye hulishika neno hilo, na mara nyingi ndilo limfanyalo aiache hisabu kabla hajaijua. Kwa hiyo tumeona vyema mwezi huu tuyaeleze maneno ya aljebra, maana baadhi yake msomaji anayo kinywani tangu utoto.

Jina la elimu hii latokana na kitabu alichokiandika Muhammad bin Musa al-Khwarizmi mjini Baghdad, zama za Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala tangu mwaka 813 hata 833. Kitabu hicho ni cha hisabu ya al-jabr na al-muqabala. Al-jabr ni kuunga, kama mganga aungavyo mfupa uliovunjika: kilichopunguzwa upande mmoja hurudishwa, na upande wa pili ukaongezwa kiasi hicho hicho. Al-muqabala ni ndugu wa neno letu mkabala: vya jinsi moja vilivyo pande mbili hukabilishwa, kidogo kikatolewa katika kikubwa.

Bwana huyu hakutumia herufi wala alama. Alisema yote kwa maneno. Idadi isiyojulikana aliiita kitu, au mzizi. Kitu kikizidishwa kwa nafsi yake alikiita mali. Hesabu iliyo wazi aliiita dirhamu. Leo mwalimu huandika x mahali pa kitu na x² mahali pa mali, na mkusanyo wa mafungu kama haya, mfano 3x² + 5x + 7, huitwa polinomia. Ile 3 na ile 5 zilizotangulia herufi huitwa vizigeu. Hueleza ni mali ngapi na vitu vingapi. Tarakimu ndogo iliyo juu ya herufi ni kipeo.

Ayashikaye maneno hayo ya kale huepukana na kosa lililowashika wanafunzi wengi, la kujumlisha 3x² na 5x wakaandika 8x³. Mama arudiye sokoni na nazi tatu na ndizi tano hasemi kuwa ana nazi nane. Mali hujumlishwa na mali, vitu na vitu, dirhamu na dirhamu. Basi 3x² + 5x + 7 ukiijumlisha na 2x² + x + 4 utapata 5x² + 6x + 11. Kuzidisha ni jambo jingine: kitu kwa kitu huzaa mali, na kitu kwa dirhamu hubaki vitu. Kwa hiyo (x + 2) mara (x + 3) ni x² + 5x + 6, kwani kila fungu la kwanza sharti likutane na kila fungu la pili.

Wala elimu hii haikutungwa kwa mchezo. Al-Khwarizmi mwenyewe alitaja haja za watu katika mirathi, wasia, kugawana, mashtaka na biashara, na sehemu kubwa ya kitabu chake ni ya wasia. Tutazame mfano wake mmoja. Mtu amekufa, ameacha wana wawili, na amemwusia mtu baki theluthi ya alichokiacha. Fedha iliyopo ni dirhamu 10, na mwana mmoja alikuwa na deni la baba yake dirhamu 10. Agawaye 20 kwa tatu atawaahidi wale wawili wasiodaiwa dirhamu 6 na theluthi mbili kila mmoja, na fedha iliyopo haitoshi. Agawaye 10 kwa tatu atamkabidhi mdaiwa fedha juu ya deni lake, na ndugu wataanza kununiana.

Njia ni hii. Fungu la mdaiwa litakatwa katika deni lake. Kiasi chake hakijulikani, basi kiite kitu. Kiongeze juu ya fedha iliyopo: urathi ni 10 na kitu. Theluthi ni ya mwusiwa, na theluthi mbili ni za wana, kila mmoja moja. Basi kitu ni theluthi ya 10 na kitu. Yaani vitu 3 ni sawa na 10 na kitu kimoja. Toa kitu kimoja pande zote mbili: vitu 2 ni sawa na 10, na kitu ni 5. Mwusiwa apewe 5, mwana asiyedaiwa 5, na mdaiwa akatiwe 5 katika deni. (Deni lililosalia lina mlango wake kwa mafakihi.)

Baada yake wengine waliiendeleza kazi hii. Al-Karaji, mwanzoni mwa karne ya 11, alizihisabu mali za mali, yaani x⁴, na zilizo juu yake. Na al-Samaw'al, katika karne ya 12, alivipanga vizigeu katika majedwali ili kuigawanya polinomia moja kwa nyingine.

Vijana wa nyumbani tunawaachia swali moja la al-Khwarizmi: mali moja na dirhamu 21 ni sawa na vitu 10. Kitu ni ngapi? Majibu ni mawili, na mwenyewe aliyakubali yote mawili.