Uzi wa Kufukiwa Usichaguliwe kwa Bei ya Leo

Nchi yetu haina pwani. Mikongo ya baharini ilipotua Afrika Mashariki, SEACOM mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, Burundi haikuwa na budi kutandaza mkongo wake wa nchi kavu ili kuifikia kupitia kwa majirani. Kazi hiyo ilibebwa na Burundi Backbone System, shirika la ubia la makampuni ya simu, kwa msaada wa Benki ya Dunia, na mkongo huo wenye zaidi ya kilomita 1,000 ukaanza kazi mwaka 2014.

Sasa jambo limehamia ndani ya nyua zetu. Shule, hospitali, benki na ofisi za Bujumbura zinaunganisha majengo yao kwa mitandao ya Etheneti, na kila mkuu anapaswa kuamua: atumie uzi wa kioo wa monomodi au wa multimodi?

Tofauti yao imo katika kiini. Kiini cha monomodi kina upana wa maikromita 9 hivi, na nuru hupita humo kwa njia moja tu. Kiini cha multimodi kina maikromita 50 au 62.5, na nuru hupita kwa njia nyingi zisizolingana urefu. Hivyo alama zilizotumwa pamoja hufika kwa kupishana, na kadiri kasi inavyozidi ndivyo zinavyochanganyikana.

Matokeo yake ni dhahiri. Multimodi ya kale ya maikromita 62.5 hufikisha gigabiti 1 kwa sekunde hadi mita 275. Kasi ikipandishwa kuwa gigabiti 10, kwa vifaa vya kawaida uzi ule ule huishia mita 33. Hata aina bora iitwayo OM4, ifikayo mita 400 kwa gigabiti 10, hushuka hadi mita 100 hivi kwa gigabiti 100. Monomodi hufika kilomita 10 kwa kasi zote hizo mbili.

Watetezi wa multimodi wana hoja ya haki: vifaa vyake vya kutoa nuru ni vya bei nafuu, na viungo vyake huvumilia zaidi vumbi na kasoro za fundi. Kwa hiyo ndani ya chumba kimoja cha mitambo, multimodi yafaa sana. Lakini kati ya jengo na jengo gharama kubwa ni mtaro, vibarua na saruji. Vifaa vya mwishoni hubadilishwa kwa dakika chache. Uzi uliofukiwa haubadilishwi bila kuchimba upya. Na waya wenyewe wa monomodi mara nyingi si ghali kuliko ule mwingine.

Vifaa hivi vyote huagizwa kutoka ng'ambo kwa fedha za kigeni tuzipatazo kwa shida. Kununua mara mbili kitu ambacho kingenunuliwa mara moja ni hasara kwa umma. Yafaa basi kila zabuni ya mtandao unaovuka ua itaje monomodi waziwazi, na mafundi wafunzwe kusafisha na kuunga kiini hicho chembamba. Wahenga walikwisha kutuonya: rahisi ghali.